Waya wa kuanikia nguo usinyonge mwembe wako

Kama umefunga waya wa kuanikia nguo kwenye mwembe au mparachichi, hebu kauangalie leo. Chini ya gome la miti hii kuna tabaka jembamba la seli, kambiamu, ambazo hujigawa na kuunda mbao upande wa ndani na, upande wa nje, mirija inayoshusha chakula kutoka kwenye majani. Hivyo ndivyo shina linavyonenepa. Waya wenyewe hautanuki, kwa hiyo unazama kwenye gome na kuibana mirija. Chakula kinakwama, na dalili yake ni uvimbe unaojitokeza juu tu ya waya huku chini yake shina likibaki jembamba. Maji bado yanapanda kupitia mbao, majani yanaonekana mabichi, kumbe mizizi inakufa njaa.

Tumia ukanda mpana wa tyubu kuukuu ya baiskeli, fundo lisiwe la kujikaza, na uulegeze shina likijaa. Mti mchanga ndio wa kuchungwa zaidi maana unanenepa upesi. Waya ukiwa umeshamezwa usiung'oe, utachuna gome. Kata sehemu zinazoonekana, kilichobaki ndani kiache.

Kwenye mnazi hofu hiyo haipo, hauna kambiamu. Lakini usiupigie misumari: jeraha la mnazi halizibi, tundu linabaki hapo hapo maisha yake yote.