Kununua na Kukarabati Trela la Zamani la Kusafiria

Matrela mengi ya kulala safarini yaliyoundwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 yana kiunzi cha mbao kilichovikwa bati la alumini, na ndiyo maana adui yake mkubwa ni maji. Kabla ya kutoa fedha, bonyeza kuta za ndani kwa kidole gumba, hasa pembeni, chini ya madirisha na kuzunguka tundu la hewa la paa. Ukuta ukibonyea kama mkate uliolowa, mbao zimeoza, hata kama nje panameremeta. Binafsi, rangi mpya hunitia shaka kuliko iliyochujuka. Kagua pia chasisi, ekseli na hati za umiliki.

Ukarabati uanzie kwenye mavujo: ng'oa vipande vya alumini vinavyofunika maungio, kwangua gundi yote ya zamani, bandika utepe mpya wa butili (mpira unaonata wa kuziba maji), kisha rudisha skrubu. Paneli zilizooza usizitupe mapema, kwa kuwa ndizo vielezo vya kukatia mpya. Matairi hubadilishwa kwa kufuata umri wake, si mwonekano pekee. Mabomba ya gesi mwachie fundi mwenye leseni.