Ukiona dhuluma usiombe ombi la jumla: namna ya kuomba mpaka ujue cha kufanya

Mjane ananyang'anywa shamba siku arobaini hazijaisha tangu azike, kijana anapiga kazi miezi mitatu bosi hataki kumlipa, familia inatolewa kwenye nyumba kwa karatasi ambayo hata haieleweki nani kaisaini, na sisi waumini tukisikia tunaandika kwenye grupu "tuwaweke kwenye maombi" alafu kila mtu anaendelea na shughuli zake. Mimi naamini maombi kwa moyo wangu wote, ndo maana inaniuma yakigeuzwa kuwa namna ya kujitoa kwenye jambo. Na wapo wa upande wa pili wanaosema kuomba ni kupoteza muda, twende moja kwa moja, hao nao nimewaona wengi wanaanza na moto mkubwa alafu baada ya muda wanakauka, inabaki hasira tupu na kugombana wao kwa wao.

Kitu ninachotaka kukuambia ni hiki: ombi likitaja mtu na jambo lenyewe, litakuonyesha cha kufanya. "Bwana uwakumbuke wote wanaoonewa duniani" ni ombi zuri lakini halimsumbui mtu yeyote, hata yule aliyeliomba.

Uliza kwanza, ndo upige magoti

Soma Nehemia sura ya 1 polepole. Jamaa yuko Shushani, mji wa Uajemi, ana kazi nzuri kwa mfalme, Yerusalemu iko mbali huko. Hanani anafika na watu kutoka Yuda, na Nehemia anawauliza, wale waliobaki wakoje, na mji ukoje. Wanamwambia watu wako kwenye shida kubwa na aibu, ukuta umebomoka, malango yameteketea kwa moto. Hapo ndo anakaa chini, analia, anafunga, anaomba. Habari ilitangulia, maombi yakafuata.

Kwa hiyo kabla hujaita watu kwenye mfungo, kaa na aliyeonewa umsikilize, sio dakika tano, msikilize mpaka amalize. Andika kwenye daftari: nini kilichukuliwa, lini, nani alikuwepo, kuna karatasi gani, kuna meseji gani kwenye simu, na yeye mwenyewe anataka nini. Hilo la mwisho watu wengi wanaliruka, wanaamua wao. Alafu tafuta wa pili na wa tatu anayelijua jambo hilo, maana Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu, na Kutoka 23 inakataza kabisa kueneza habari ya uongo na kufuata mkutano kutenda uovu, hata kama mkutano wenyewe ni grupu la WhatsApp la wapendwa. Kushea skrinshoti usiyojua imetoka wapi kunaweza kumharibia kesi yule yule unayetaka kumsaidia.

Lia mbele za Mungu, usikimbilie shukrani

Tuna tabia ya kutaka kila ombi lianze na shukrani na liishie na ushindi. Zaburi haziko hivyo. Zaburi ya 10 inaanza kwa kumuuliza Mungu mbona anasimama mbali, kwa nini anajificha wakati wa shida, alafu inaeleza kwa kina jinsi mwovu anavyomvizia maskini kama simba. Habakuki anaanza kwa kuuliza atalia mpaka lini na Mungu hasikii. Haya yako ndani ya Biblia, hakuna aliyeyafuta, basi na wewe ruhusu mtu ayaseme.

Fanyeni hivi: mtu mmoja asome Zaburi ya 10 au ya 94 kwa sauti, akifika mahali panapofanana na jambo lenu asimame, mlitaje jambo lenyewe, alafu aendelee. Kama ni yule kijana wa mshahara ombi linaweza kuwa hivi: "Bwana, huyu mwanao amefanya kazi mwezi wa pili, wa tatu na wa nne. Hajalipwa. Hela yake iko kwa mtu ambaye wewe unamjua na sisi tunamjua. Neno lako katika Yakobo 5 linasema ujira uliozuiliwa unalia na kilio kimekufikia. Sikia kilio hiki. Leo jioni hana cha kula, mpe. Na sisi tuonyeshe nani wa kwenda naye."

Ona kinachotokea hapo. Ukishasema "leo jioni hana cha kula" mbele ya watu kumi na wote wametoka kula, mtu atajisikia vibaya kufunga ombi kwa amina na kuondoka. Yakobo huyo huyo, sura ya 2, amewasema watu wanaomwambia mwenye njaa "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" bila kumpa kitu. Kwa hiyo jibu la kwanza la ombi lile linatoka kwenye mifuko ya walioomba, hapo hapo, kabla hata ya kufika kwa bosi.

Na kama aliyeonewa anaomba maneno makali usimkatize. Hasira ikipelekwa kwa Mungu ni afadhali mara elfu kuliko ikipelekwa kwenye panga.

Jitazame na wewe

Sehemu hii ngumu na ndo maana nataka tukae hapa kidogo. Nehemia sura ya 5, ujenzi wa ukuta unaendelea, na wananchi na wake zao wanapiga kelele, tena dhidi ya ndugu zao Wayahudi, sio dhidi ya maadui wa nje. Wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na binti zao wengine wameshaingia utumwani. Nehemia anakasirika sana. Lakini anashauriana kwanza na nafsi yake, ndipo anawakabili wakuu na mashehe, anawaambia mnatozana riba kila mtu na ndugu yake. Alafu anasema neno ambalo viongozi wengi hawalisemi: hata mimi, na ndugu zangu, na watumishi wangu, tumewakopesha fedha na nafaka, tuiache riba hii. Anajitaja. Alafu hakuishia kwenye kusikitika, alitaka warudishe mashamba na nyumba siku hiyo hiyo, akawaita makuhani wakawaapisha, na yeye mwenyewe miaka 12 hakula posho ya uliwali, yaani ya ugavana wake, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito kwa watu.

Sasa na wewe kabla hujatangaza mfungo kwa ajili ya haki soma Isaya 58. Mle watu wanafunga kweli kweli, wanainamisha vichwa, wanavaa magunia, na siku ile ile wanawakandamiza wafanyakazi wao, na Mungu anawaambia saumu anayoitaka ni kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi. Kwa hiyo orodha ya mfungo ianzie nyumbani: anayekufanyia kazi za ndani umemlipa? Hela ya fundi umeimalizia? Kanisa lenu lenyewe linamlipa mlinzi wake kiasi gani, na kwa wakati? Ukikuta deni, lipa kabla ya siku ya kwanza ya kufunga. Sio baada.

Mwombee aliyedhulumu, lakini usimfiche

Yesu amesema tuwaombee wanaotuudhi, hilo halina mjadala. Ila kumwombea mdhulumu maana yake sio kuomba yaishe kimya kimya. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alipokutana na Yesu katika Luka 19 alisema kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila atarudisha mara nne. Hiyo ndo sura ya toba ya mwizi, basi omba hivyo hivyo: "Bwana mguse arudishe shamba." Usiombe tu "mguse".

Na tafadhali, usimlazimishe aliyeumizwa asamehe haraka ili ninyi mpate amani ya kukaa ibadani. Msamaha ni wake, atafika kwa wakati wake, na hata akisamehe kesi inaweza kuendelea. Paulo na Sila walipigwa hadharani Filipi bila hukumu, wakaimba usiku gerezani, na asubuhi watawala walipotuma watu wawaachilie kimya kimya Paulo alikataa, akasema waje wenyewe watutoe, sisi ni raia wa Rumi. Mtu yule yule aliyeimba usiku ndo aliyedai haki yake asubuhi.

Kama ni kipigo nyumbani, au mtoto ameharibiwa, hapa naomba nieleweke vizuri: usimrudishe mtu huko "akaombe zaidi". Kwanza atoke awe salama, apate matibabu, taarifa iende panapohusika. Maombi mtafanya akiwa salama.

Toka kwenye maombi na karatasi mkononi

Nehemia aliomba kuanzia mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, kama miezi minne. Siku mfalme alipomuuliza unataka nini, aliomba tena pale pale kwa sekunde chache, alafu akajibu, na ukisoma jibu lake utagundua miezi ile minne alikuwa anapanga pia: nahitaji barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati, nahitaji barua kwa Asafu mlinzi wa msitu anipe miti, na muda wa kurudi akautaja. Kwa hiyo kila kikao chenu cha maombi kiishie na karatasi yenye vitu hivi: ombi letu kwa mwenye mamlaka ni lipi (moja, sio kumi), nani anakwenda, siku gani, na nani atabaki na mhusika. Asiende mtu peke yake.

Na wanaoumia ndo washike usukani. Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, na mitume hawakusema acheni manung'uniko, waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba, na majina yao yote, Stefano, Filipo, Prokoro mpaka Nikolao, ni ya Kiyunani. Baada ya hapo ndo wakaombewa na kuwekewa mikono.

Mkiingia kwenye jambo kubwa la umma, maombi yana kazi nyingine, yanalinda mikono yenu. Montgomery kule Marekani watu weusi waligoma kupanda mabasi kupinga ubaguzi, siku 381 kuanzia Desemba 1955. Januari 1956 mchungaji Martin Luther King, kiongozi wa mgomo huo, alikuwa ameshachoka na simu za vitisho, akaomba usiku jikoni kwake akimwambia Mungu wazi kwamba nguvu zimemwishia, na siku chache baadaye nyumba yake ikalipuliwa bomu, mke na mtoto wakiwa ndani, wakapona. Watu wakajaa nje na silaha. Akasimama pale barazani akawaambia warudi nyumbani na silaha zao, tuwapende adui zetu. Mtu haokoti maneno kama yale palepale barazani, yalishaandaliwa kule jikoni. Leipzig, Ujerumani Mashariki, walikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolao tangu 1982, mara nyingi wakiwa wachache tu, na tarehe 9 Oktoba 1989 walipotoka kanisani waliungana na watu kama 70,000 barabarani, wengi na mishumaa. Mshumaa nje unataka mikono miwili, mmoja wa kushika na mwingine wa kuzuia upepo, jiwe utalishika na nini? Haikupigwa risasi hata moja, na mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Ila tusijidanganye kwamba kila anayeomba yuko upande wa haki. Afrika Kusini ubaguzi wa rangi ulitetewa kwa Biblia na makanisa yaliyokuwa yanaomba kila Jumapili. Njia ya kujipima ninayoiamini ni kuuliza: yule anayeumia angekuwa amekaa hapa katikati yetu, ombi hili angeitikia amina? Kama ungeona aibu kuliomba mbele yake, libadilishe.

Gharama nayo ipo. Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin wakilalamikia mauaji, na askofu mkuu Oscar Romero wa El Salvador alipigwa risasi akiwa anaadhimisha misa tarehe 24 Machi 1980. Kwa hiyo usimsukume mtu mwingine kwenye hatari wewe ukiwa umekaa pembeni unamwombea. Aamue mwenyewe akijua kila kitu.

Jambo likichelewa

Mengi yatachelewa. Mjane wa Luka 18 alikuwa anarudi na kurudi kwa kadhi dhalimu mpaka kadhi akachoka, na Yesu alitoa mfano huo ili watu waombe wasikate tamaa. Mbunge William Wilberforce na wenzake Uingereza walipeleka hoja bungeni ikashindwa mara nyingi, sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ikapita 1807, na ya kuufuta utumwa wenyewe kwenye sehemu kubwa ya makoloni ikaja 1833, mwaka aliofariki. Kwa hiyo msijipangie mfungo mmoja mkubwa wa siku nyingi alafu basi. Chagueni siku moja kila mwezi isiyobadilika, hata mkiwa watatu. Asubuhi ya siku hiyo mtu mmoja awe na kazi ya kumpigia simu mhusika amuulize kesi imefikia wapi, mtoto amerudi shule au bado, nani amemtisha tangu mara ya mwisho, aandike majibu kwenye lile daftari, ili jioni mkikutana muombe kwa habari ya siku hiyo na sio ya mwezi uliopita.