Jinsi ya Kutengeneza Stendi ya Kupikia Bia Nyumbani kwa Chuma

Ukipika bia kwa kimea chenyewe, yaani bila kutumia dondoo la dukani, unahitaji vyombo vitatu: sufuria ya maji moto, pipa la kulowekea kimea, na sufuria ya kuchemshia. Kila kimoja kinabeba makumi ya lita za kitu chenye joto la kuunguza. Kazi ya stendi ni kuhakikisha hakuna mtu anayenyanyua chombo kati ya hivyo kwa mikono kikiwa na moto. Ndiyo maana tunaijenga, na ndicho kipimo cha kila uamuzi hapa chini. Stendi inayokulazimisha kubeba sufuria ya maji moto hata mara moja tu bado haijakamilika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepika lita 20 hadi 30 za bia kwa mkupuo, kwa gesi, mahali pa wazi. Unahitaji kujua kuchomelea chuma, au kuwa na fundi wa kuchomelea atakayefuata vipimo vyako.

Hatua ya 1: Pima vyombo kabla ya kugusa chuma

Wengi huanza na chuma walichonacho, kisha wanatafuta sufuria za kuingia. Fanya kinyume chake. Chukua rula ya utepe, upime kipenyo cha kila chombo, kimo chake kikiwa na mfuniko, kimo cha koki kutoka kitakoni, na urefu wa koki inavyochomoza nje. Pima pia ndoo utakayochachushia bia, kwa sababu nayo inaingia kwenye hesabu.

Vipimo vyangu vinatokana na sufuria za lita 50, ambazo kwa kawaida huwa na kipenyo cha sentimita 40 hivi na kimo kama hicho. Kama zako ni tofauti, badilisha namba lakini fuata mpangilio uleule.

Hatua ya 2: Amua ngazi ngapi

Mtindo wa zamani una ngazi tatu: maji juu kabisa, kimea katikati, sufuria ya kuchemshia chini, na kila kitu kinateremka chenyewe. Hauhitaji pampu wala umeme, na hilo ni jambo zuri. Lakini hebu piga hesabu kuanzia sakafuni. Ndoo ya kuchachushia ina kimo cha sentimita 45 hivi, kwa hiyo kitako cha sufuria ya kuchemshia kinafika sentimita 50. Ukingo wake unafika 90. Pipa la kimea linakaa 95, ukingo wake 135. Sufuria ya maji inakaa 140, na ukingo wake unafika 180. Sasa una lita 40 za maji yanayokaribia kuchemka juu ya kichwa cha mtu wa kimo cha kawaida, na moto chini yake. Mimi sipendekezi hata kidogo.

Ninachopendekeza ni ngazi mbili na pampu moja ndogo. Sufuria ya maji inakaa chini upande wa kushoto, sufuria ya kuchemshia chini upande wa kulia, na pipa la kimea linakaa juu ya mnara ulio katikati. Pampu inapandisha maji safi tu kwenda kwenye kimea. Kutoka hapo, maji ya kimea yanateremka yenyewe hadi kwenye sufuria ya kuchemshia. Kwa kuwa pampu haipitishi kimea, haizibwi na makapi, na kuisafisha ni kazi ya dakika chache. Faida nyingine ni kwamba moto wote unabaki chini. Pipa la kimea halihitaji jiko kabisa ukitumia lenye kuta za kuhifadhi joto au ukilifunga blanketi, kwa sababu linatakiwa tu kubaki kati ya nyuzi 65 na 68 za Selsiasi kwa saa moja hivi.

Hatua ya 3: Nunua na kukata chuma

Tumia bomba la chuma la mraba la milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2. Fito tatu za mita 6 zinatosha. Usichukue chuma kilichopakwa zinki kwa sababu tu hakipati kutu: zinki ikiungua wakati wa kuchomelea hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana, na hapa kuna viungo vingi vya kuchomelea. Mbao nazo ziache mbali na moto.

Vipande vya bomba ni hivi:
– miguu mirefu 4 ya sentimita 95
– miguu mifupi 4 ya sentimita 50
– vidato 10 vya sentimita 52 (vipande vinavyolala kati ya miguu miwili)
– viunganishi 13 vya sentimita 46

Fito ya kwanza inatoa miguu yote minane. Ya pili inatoa vidato vyote na kiunganishi kimoja. Ya tatu inatoa viunganishi 12 vilivyobaki. Ukikata kwa mpangilio huo hutalazimika kununua fito ya nne. Ongeza chuma cha pembe cha 40 kwa 40, unene wa milimita 4, vipande 6 vya sentimita 46. Hivyo ndivyo vitakavyobeba vyombo vyenyewe. Ongeza pia chuma bapa cha kuning'inizia majiko.

Hatua ya 4: Tengeneza ngazi nne

Stendi hii yote ni ngazi nne zilizosimama sambamba, mbili fupi na mbili ndefu, kisha zikaunganishwa. Hapa ngazi ni fremu ya miguu na vidato, si vimo vile vya Hatua ya 2. Kila ngazi ina miguu miwili na vidato vya sentimita 52 kati yake, kwa hiyo upana wa nje ni sentimita 60. Ngazi fupi ina vidato viwili: kimoja juu kabisa, sawasawa na ncha za miguu, na kingine sentimita 12 kutoka chini. Ngazi ndefu ina vitatu: juu kabisa, chini kwenye sentimita 12, na cha katikati ambacho uso wake wa juu uko sentimita 50 kutoka sakafuni. Hicho cha katikati ndicho kitakachoshikana na rafu za sufuria, basi kipime kwa uangalifu kuliko vingine vyote.

Panga vipande juu ya sakafu iliyonyooka, uvibane kwa klampu, kisha udonoe kila kiungo kwa tone moja la kuchomelea. Usimalize kiungo chochote kwanza. Pima mishazari yote miwili, kona hadi kona. Kwenye ngazi fupi inatakiwa isome sentimita 78.1, na kwenye ndefu 112.4. Muhimu kuliko namba hizo ni kwamba mishazari miwili ilingane. Ikitofautiana hata kwa milimita 3, gonga kona iliyo ndefu kwa nyundo hadi ilingane, ndipo uendelee.

Kwa bomba jembamba hivi, vijiti vya kuchomelea vya aina ya 6013 vya milimita 2.5 na mkondo wa ampea 60 hadi 80 vinafanya kazi nzuri. Ruka kutoka kona moja kwenda ya mkabala badala ya kumaliza upande mmoja, maana chuma kikipoa hujivuta kuelekea penye joto, na ngazi iliyokuwa mraba itapinda mbele ya macho yako.

Jambo moja ambalo hupuuzwa na lina hatari ya kweli: bomba lililozibwa ncha zote mbili na kukaa karibu na moto linafungia hewa na unyevu ndani. Vikipata joto vinatafuta pa kutokea. Toboa tundu la milimita 4 upande wa chini wa kila bomba litakalozibwa, hasa yale ya rafu za sufuria.

Hatua ya 5: Simamisha na kuunganisha

Simamisha ngazi kwa mpangilio: fupi, ndefu, ndefu, fupi. Nafasi ya ndani kati ya ngazi na ngazi ni sentimita 46, na urefu wote wa nje unakuwa sentimita 154. Funga viunganishi sita vya chini kwenye kimo cha sentimita 12, mbele na nyuma. Vinne vinaingia kwenye kimo cha 50 katika vyumba viwili vya pembeni, chumba kikiwa nafasi kati ya ngazi na ngazi. Viwili vinaingia juu ya mnara. Cha mwisho kinaingia nyuma ya mnara kwenye kimo cha 50. Mbele paache wazi ili mkono uifikie pampu.

Donoa tena kwanza. Pima mshazari wa stendi nzima ukiitazama kutoka juu, ambao ni sentimita 165.3, kisha weka pimamaji kwenye kila rafu.

Vyuma vya pembe vinakaa kutoka kidato hadi kidato, viwili kwa kila chumba, uso bapa ukiwa juu, vikiachana sentimita 26 hivi. Sufuria ya sentimita 40 inakaa vizuri juu yake na moto unapita katikati. Juu ya mnara, ambako hakuna jiko, unaweza kulaza ubao mgumu ili pipa la kimea likae kwa kitako chote.

Kwa miguu, chomelea kibati chenye nati ya milimita 12 chini ya kila mguu, uingize bolti ya kurekebisha kimo. Najua magurudumu yanavutia. Lakini sakafu za nje ni nadra kuwa sawa, na kitu kinachobeba maji moto hakipaswi kuwa na uwezo wa kutembea.

Hatua ya 6: Majiko na gesi

Usichomelee jiko moja kwa moja kwenye fremu. Likunjie chuma bapa kwa umbo la U, uning'inize kutoka kwenye vyuma vya pembe kwa bolti, na utoboe matundu kila sentimita 2.5 ili uweze kulipandisha na kulishusha. Anza na nafasi ya sentimita 12 kati ya uso wa jiko na kitako cha sufuria, isipokuwa maelekezo ya jiko lako yanasema vingine. Moto wa buluu unaogusa kitako bila kukumbatia ubavu wa sufuria ndio unaoutaka. Ukiona wa manjano na masizi, jiko linakosa hewa au liko karibu mno.

Zungushia kila jiko bati la kukinga upepo pande tatu, ukiacha mbele wazi na nafasi chini ya kuingiza hewa. Bati la upande wa mnara ni la lazima, kwa sababu pampu na mipira viko nyuma yake.

Mpira wa gesi upite nyuma na chini, kamwe usipite chini ya jiko. Mtungi ukae angalau mita moja na nusu kutoka kwenye moto. Koki za gesi ziwe mbele, mahali unapozifikia bila kupitisha mkono juu ya sufuria. Ukimaliza kuunganisha, fungua gesi bila kuwasha, upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Penye mapovu yanayokua pana uvujaji. Rudia jaribio hilo kila siku ya kupika, kabla ya kuwasha chochote.

Na stendi hii haiingii ndani ya nyumba. Majiko ya ukubwa huu hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatuama sakafuni ikisubiri cheche.

Hatua ya 7: Pampu na mipira

Ifunge pampu chini ya mnara, kwenye kimo cha sentimita 12, upande wa sufuria ya maji. Pampu hizi ndogo za sumaku hazivuti maji kutoka chini. Lazima maji yaziingie yenyewe, kwa hiyo ziwe chini ya koki wakati wote. Chagua iliyothibitishwa kuvumilia nyuzi 100. Ukitaka kupunguza kasi ya maji, fanya hivyo kwa koki ya upande wa kutokea, kamwe si ya kuingilia. Ifunike isirushiwe maji, na umeme wake upite kwenye kikata umeme cha usalama kinachozima chenyewe umeme unapovuja.

Mipira iwe ya silikoni ya vyakula. Plastiki ya kawaida hulegea na kuchomoka kwenye joto la maji ya kusuuzia kimea, ambayo ni nyuzi 75 hadi 77. Mpira unaotoka kwenye pipa la kimea uufikishe hadi karibu na kitako cha sufuria ya kuchemshia, ili maji yasianguke na kurusha matone ya moto.

Hatua ya 8: Rangi

Sugua kutu na magamba ya kuchomelea, futa mafuta, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Karibu na majiko tumia rangi ya kuvumilia joto kali, ile ya majiko na mabomba ya moshi. Nyuso ambazo sufuria inazikalia usizipake kitu.

Hatua ya 9: Ijaribu kwa maji kabla ya bia

Jaza vyombo vyote vitatu maji baridi hadi juu. Hapo stendi inabeba zaidi ya kilo 150, uzito ambao hautaufikia siku ya kupika, kwa sababu maji yanahama tu kutoka chombo kimoja hadi kingine. Iache usiku kucha. Asubuhi weka pimamaji tena kwenye kila rafu, kagua kila kiungo kwa mwanga wa pembeni, na usukume mnara kwa mkono kutoka mbele. Ukiyumba, ongeza kipande cha mshazari nyuma kabla ya kuendelea.

Kisha punguza maji, washa majiko yote mawili, na uchemshe kwa saa nzima. Rangi mpya itatoa moshi. Afadhali moshi huo utoke sasa kuliko siku ya kupika bia. Endesha pampu, pima muda maji yanaochukua kupanda, na jizoeze kuteremsha maji kutoka kwenye pipa la kimea polepole, lita moja kwa dakika au pungufu, maana hiyo ndiyo kasi utakayoihitaji kimea kikiwa ndani. Vyuma vikishapoa kabisa, kaza upya bolti zote za majiko, kwa sababu joto la kwanza huzilegeza.