Kupima upotevu wa AC kwenye utepe wa REBCO

Utepe wa REBCO ni supakondakta (kitu kisicho na ukinzani wa umeme kikipozwa sana) ya oksidi ya metali adimu, bariamu na shaba. Ukipitisha DC (mkondo wa upande mmoja) chini ya mkondo wake wa kikomo haupotezi chochote cha kuhesabika. Kwenye AC (mkondo geu), uga wa sumaku huingia na kutoka kwenye utepe kila mzunguko wa mkondo, na kazi ya kuung'oa unapokwama hugeuka joto. Wati 1 ya joto hilo huchemsha mililita 22 hivi za nitrojeni oevu kwa saa. Pima kabla ya kusuka koili.

Chukua sm 30 za utepe wa upana wa mm 4. Lehemu ncha zake kwenye shaba kwa solda ya bati na bismuthi, inayoyeyuka kwa 138 °C. Ukipita 200 °C na kukawia, oksijeni hutoka kwenye REBCO na utepe hauponi tena. Katikati, lehemu nyaya mbili za volteji zilizoachana sm 10. Zisilale juu ya utepe! Zitoe pembeni hadi mm 6 kutoka mstari wa kati, ndipo zikutane na kusokotwa. Zikiwa karibu zaidi, hazinasi uga wote na kipimo hudanganya.

Uzamishe utepe kwenye nitrojeni oevu ndani ya chombo cha stairofoamu, kwa sababu chuma kilicho jirani huongeza upotevu wake. Fungua madirisha: lita 1 ya nitrojeni oevu huwa gesi ya lita 690 hivi, nayo hufukuza hewa ya kupumua.

Anza na DC. Mkondo unaoleta mikrovolti 10 kati ya nyaya zako ndio kikomo. Tuseme ni ampea 100. Kisha weka AC ya hezi 50, kilele ampea 50. Kwa fomula ya Norris, inayokadiria upotevu wa utepe mwembamba, tarajia miliwati 2.3 kwa mita, yaani, kati ya nyaya zako, mikrovolti 6.6 tu zilizo fezi moja na mkondo (zinapanda na kushuka pamoja nao). Volteji ya induktansi (inayoletwa na uga unaobadilika, si na upotevu) ni kama milivolti 0.4, hivyo kosa la digrii 1 ya fezi linaleta mikrovolti 7, zaidi ya unachokitafuta. Ifute kwanza kwa koili ya kufidia, inayotoa volteji ya kinyume, ndipo usome kwa amplifaya ya lokini, inayochuja volteji iliyo fezi moja na mkondo. Zidisha volteji hiyo kwa mkondo, zote kwa RMS (kilele ukigawanya kwa 1.41), gawanya kwa mita 0.1, halafu kwa 50: umepata jouli kwa mita kwa mzunguko.

Rudia kwa hezi 100 na 200. Jouli zikipanda pamoja na masafa, kagua fezi na metali za jirani. Upotevu halisi wa histeresisi (ule wa uga kukwama na kung'olewa) haubadiliki kwa kila mzunguko.

Kilele kikifika ampea 100, upotevu hupanda hadi miliwati 77 kwa mita, mara 33, kwa hiyo nusu ya kikomo ni chaguo zuri la kazi. Ndani ya koili hali ni mbaya zaidi, maana uga wa mizingo jirani ya utepe huupiga utepe kwa ubapa wake.