Somo: Kutundika, kutumia na kutunza chandarua ili kila anayelala nyumbani akingwe na malaria

Nyumba nyingi za Tanzania zina chandarua, na bado watoto wa nyumba hizo hizo wanaugua malaria. Katika kazi yangu ya uuguzi nimeona kwamba mara nyingi kasoro haiko kwenye dawa iliyomo katika nyuzi, bali kwenye mpangilio wa nyumba yenyewe: chandarua cha futi sita kwa sita kimetundikwa juu ya kitanda cha wazazi, kingine kiko kabatini kinamsubiri mgeni, na watoto wa shule wamelala mkekani sebuleni bila kitu juu yao. Kwa sababu hiyo somo hili linaanzia mahali watu wanapolala, ndipo lifike kwenye kamba na misumari.

Manufaa ya chandarua yamethibitishwa hapa hapa kwetu. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga mkoani Morogoro, ambako kuanzia mwaka 1997 vyandarua na dawa ya kuvichovya viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, watafiti wa Ifakara walikuta kwamba matumizi ya chandarua chenye dawa yalihusiana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wenye umri wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Wakati ule familia ilipaswa kukichovya chandarua upya kila baada ya muda. Vya siku hizi huwekwa dawa kiwandani, na hutengenezwa ili viendelee kufanya kazi kwa miaka 3 hivi, au hadi vitakapofuliwa mara 20. Mbu jike aina ya Anofelesi, anayeeneza malaria, huvutwa na pumzi na harufu ya mtu aliyelala. Akitua kwenye nyuzi kutafuta mwanya, hugusa dawa kwa miguu yake na kufa kabla hajauma mtu mwingine chumbani humo.

Hatua ya 1: Hesabu malazi. Zunguka nyumba nzima jioni, watu wanapoandaa kulala, uone nani analala wapi na na nani. Kipimo cha kugawia ni chandarua kimoja kwa watu wawili, lakini kipimo hicho hakikuelezi kwamba kaka mkubwa amehamia jikoni au kwamba bibi hulala barazani wakati wa joto. Vyandarua vikiwa vichache, mama mjamzito na watoto walio chini ya miaka mitano watangulie, kwa kuwa malaria huwaua upesi zaidi. Kisha usiwasahau wanafunzi. Mtoto wa miaka minane au kumi anaweza kuwa na vimelea vingi damuni huku akicheza kama kawaida, na mbu anayemuuma huvichukua na kuwapelekea wadogo zake. Vyandarua vilianza kugawiwa kupitia shule mwaka 2013, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Chandarua kilicholetwa na mtoto kutoka shuleni, au alichopewa mama kliniki, ni cha nyumba nzima na kinaweza kuwekwa panapohitajika zaidi.

Hatua ya 2: Kianike. Ukikitoa mfukoni, kitandaze kivulini kwa saa 24 kabla ya kukitumia. Asiyefanya hivyo huweza kuwashwa usoni au kupiga chafya usiku wa kwanza. Hali hiyo haina madhara na hupita yenyewe, lakini nimeona watu wakikiacha kabisa kwa ajili yake. Mfuko wake usiwekewe chakula.

Hatua ya 3: Kitundike. Hapa ndipo panapotaka umakini. Chandarua cha pembe nne kinahitaji vishikizo vinne vilivyo sawa kwa urefu, na pindo lake lazima lishuke hadi chini ya godoro likiwa na ziada ya kuchomekea. Chumba chenye dari hupigiliwa misumari au kulabu. Kisicho na dari, kamba hufungwa kwenye kenchi au boriti na kushushwa hadi kimo kinachofaa. Aliyepanga chumba na kukatazwa kupigilia ukutani anaweza kufunga fito nne kwenye miguu ya kitanda, na kazi hiyo haichukui saa nzima. Kwa wanaolala mkekani, tundika chandarua chini zaidi, pindo liingie chini ya mkeka pande zote, na asubuhi kikunjwe juu kwa fundo ili sebule ipitike. Wengi hukishusha usiku wa kwanza na kuacha siku ya tatu kwa sababu kamba ni fupi au fundo ni gumu. Weka fundo ambalo mtoto mwenyewe anaweza kulifungua.

Kabla hujamaliza, pitisha kiganja kwenye mbao za kitanda. Ncha ya msumari au kibanzi kilichochomoza hutoboa chandarua sehemu ile ile kila usiku kinapochomekewa, ndiyo maana matundu mengi hupatikana upande wa chini, karibu na miguu. Kibatari, mshumaa na jiko viwe mbali.

Hatua ya 4: Lala ndani yake ipasavyo. Kishushe kabla giza halijaingia, angalia kama hakuna mbu aliyejificha pembeni, kisha chomekea. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, lakini watoto hulala mapema na wasingoje wakubwa ndipo washushiwe. Mtazame pia mtoto saa sita za usiku: goti au unyayo ukiegemea nyuzi, mbu anaweza kumuuma kutoka nje. Kitanda chembamba chenye watoto watatu huleta shida hiyo karibu kila siku, na dawa yake ni chandarua kipana zaidi au kumhamishia mmoja wao mkekani, naye akiwa na chake.

Hatua ya 5: Kifue kwa upole. Kikichafuka, kifue kwa maji baridi na sabuni ya kipande, lakini si zaidi ya mara nne kwa mwaka. Usikiloweke kwa muda mrefu, usikipikiche kwa nguvu, wala usitumie sabuni ya unga au dawa ya kung'arisha nguo. Kianike kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa. Maji uliyofulia mwaga chooni au kwenye shimo. Yasifike mtoni, kisimani wala kwenye bwawa la samaki, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Hatua ya 6: Kishone. Kila unapokifua, kinyooshe mbele ya mwanga utafute palipotoboka. Tundu linalopitisha kidole gumba hushonwa kwa uzi wa kawaida. Linalopitisha ngumi hutiwa kiraka. Chandarua chenye viraka kitumike bila aibu mpaka kipatikane kingine.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo sista. Nina mimba ya miezi mitatu, na mama mkwe anasema dawa ya kwenye chandarua itamdhuru mtoto tumboni. Nifanye nini? (Geita)*

Marahaba mwanangu. Kiwango cha dawa kilichomo kimepimwa, nacho ni salama kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga. Kinachomdhuru mtoto tumboni ni malaria yenyewe, kwa maana huleta upungufu wa damu kwa mama, mimba kuharibika, na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kama hujaanza kliniki, nenda wiki hii, kwa kuwa chandarua hutolewa hudhurio la kwanza na kingine mtoto akipata chanjo ya surua ya miezi tisa. Vidonge vya SP, vya kumkinga mjamzito na malaria, utakavyopewa kliniki havichukui nafasi ya chandarua. Vyote viwili vinahitajika. Mama mkwe mpeleke pamoja nawe, amsikie muuguzi mwenyewe.

*Sista, huku kwetu mbu wanatua kwenye chandarua na kuondoka wakiwa hai. Je, tumepewa vyandarua vibovu? (Muleba)*

Ndugu yangu, umeona jambo la kweli. Katika maeneo mengi mbu wamekuwa sugu kwa pairetroidi, kundi la dawa lililotumika kwenye vyandarua kwa miaka mingi. Wilaya yako ilishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayopunguza usugu huo, viliwakinga watoto vizuri kuliko vya kawaida. Utafiti mwingine wa Misungwi, Mwanza, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye pairetroidi pamoja na klofenapiri, dawa ya kundi jingine, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vya pairetroidi peke yake, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Klofenapiri haiangushi mbu papo hapo, kwa hiyo kumwona mbu akiruka hakuthibitishi kwamba ataishi. Soma lebo iliyoshonwa pembeni ujue una aina gani. Hata dawa ikipungua, nyuzi nzima zisizo na tundu bado zinamzuia mbu asikufikie, basi usikiweke kando.

*Tanga kuna joto sana, watoto wanakitoka usiku. Tuwasaidieje?*

Sogezeni kitanda karibu na dirisha lenye wavu, mtumie chandarua kikubwa kinachoacha nafasi juu ya vichwa, na mpunguze idadi ya wanaolala pamoja. Wakilala uani au barazani, chandarua kiwafuate: kamba mbili kwenye nguzo na mbili kwenye mti zinatosha.

*Kaka zangu wanachukua vyandarua kuvulia dagaa. Wanasema ni vya zamani tu. (Kigoma)*

Waeleze kwa heshima, kwa kuwa wanatafuta riziki, lakini wasikubaliwe. Matundu yake madogo hukamata samaki wachanga ambao ndio uvuvi wa mwakani, na dawa iliyobaki huingia majini. Chandarua kisichoshoneka tena, baada ya kupata kipya, kinaweza kukatwa na kuzibia mwanya kati ya ukuta na paa. Kisichomwe moto.

*Tunalala ndani ya chandarua kila siku, na mwanangu amepata homa. Ina maana hakifai?*

Hapana, mama. Chandarua hupunguza hatari bila kuiondoa yote, maana mtoto anaweza kuumwa jioni kabla ya kulala, na si kila homa ni malaria. Mpeleke apimwe ndani ya saa 24. Usimpe dawa mseto iliyobaki kwa jirani. Akikutwa na vimelea, amalize dozi yote hata akichangamka siku ya pili, na usiku aendelee kulala ndani ya chandarua, kwa sababu mbu atakayemuuma sasa, baada ya siku kumi hivi au zaidi, anaweza kuvipeleka vimelea kwa mwingine nyumbani humo.