Rufaa ya dharura kutoka zahanati: mwongozo kwa muuguzi wa zamu

Nimeandaa mwongozo huu baada ya kumwelekeza muuguzi mwenzangu, aliyepangiwa karibuni zahanati ya kijijini, namna ya kumpa rufaa mama mjamzito mwenye presha ya juu, maumivu makali ya kichwa na protini kwenye mkojo. Nitaufuata mfano huo huo, kwa kuwa katika zahanati nyingi za Tanzania usiku muuguzi huwa peke yake, na yeye ndiye anayeamua nani abaki na nani apelekwe hospitali ya wilaya.

Hatua ya 1. Imarisha hali ya mgonjwa: njia ya hewa, upumuaji, mshipa, presha. Haya sote tumefundishwa.

Hatua ya 2. Piga simu kabla ya kuandika fomu ya rufaa. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, piga 115, namba isiyotozwa malipo ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mratibu atatafuta gari la wagonjwa na, likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Hata hivyo, zungumza mwenyewe na muuguzi au daktari wa zamu wa upande wa pili, wala usimtume dereva kufikisha maelezo ya kitabibu.

Hatua ya 3. Andika kila dawa, kiasi chake, njia uliyoitoa na saa. Hapa ndipo rufaa nyingi huharibika. Sentensi kama «amepewa dawa ya kifafa cha mimba» haimsaidii anayepokea. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa inayozuia na kutibu kifafa hicho (degedege la presha ya ujauzito), ni gramu 14: gramu 4 za mchanganyiko wa asilimia 20 kwenye mshipa, taratibu, kisha gramu 5 za asilimia 50 kwenye kila tako. Dozi inayofuata, gramu 5, hutolewa baada ya saa 4, na kwa masharti: goti liitikie linapogongwa, mama apumue angalau mara 16 kwa dakika, na mkojo utoke angalau mililita 30 kwa saa. Daktari asiyejua dozi ya kwanza ilitolewa lini akiirudia mapema, dawa inaweza kuzidi na kudhoofisha upumuaji. Akisubiri mno, mama anaweza kupata degedege kitandani pale pale. Ikiwa ulitoa sindano za matakoni peke yake, yaandike hayo. Ikiwa hukutoa kitu, andika kwamba hukutoa, kwa maana nafasi iliyoachwa wazi kila mtu huijaza kwa dhana yake.

Kuhusu saa, tumia mfumo wa saa 24 pasipo ubaguzi. «2:15» mmoja ataisoma saa mbili usiku, mwingine saa nane mchana, ilhali 20:15 haina utata. Ndugu akikwambia mama alianguka saa tisa, muulize kama ilikuwa alasiri au usiku, ndipo uandike 15:00 au 03:00. Orodhesha vipimo vyote vya presha pamoja na saa zake, si cha mwisho tu. Mimi naipendelea fomu yenye nakala ya kaboni kuliko picha ya simu: picha ni nyongeza nzuri, lakini haikai kwenye faili la mgonjwa.

Hatua ya 4. Mama alazwe ubavu wa kushoto, asindikizwe na mhudumu wa afya, na kifuko kiwe na kadi ya kliniki pamoja na kalisiamu glukoneti gramu 1, ambayo ndiyo kiuasumu cha magnesiamu. Ndugu anayeweza kuchangia damu apande pia.

Hatua ya 5. Wenzetu wa idara ya dharura waisome fomu ya rufaa kabla ya kuanza kuuliza upya, waandike saa ya kupokea na kusaini mbele ya msindikizaji. Kisha wajaze sehemu ya mrejesho na kuirudisha zahanati, kwa sababu mama akisharuhusiwa, presha yake itapimwa na muuguzi yule yule aliyempa rufaa, naye anahitaji kujua ni dawa zipi ziendelee na hadi lini.