Namna ya kuisikiliza Simfoni ya Tatu ya Górecki, ukianzia kwenye besi

Mara ya kwanza niliiweka kwenye simu nikiwa ndani ya daladala. Dakika nzima sikusikia kitu, nikadhani faili limeharibika, nikalifuta. Kumbe faili lilikuwa zima. Simfoni ya Tatu ya Henryk Górecki, mtunzi wa Poland, inaanza na besi kubwa peke yake, zile fidla ndefu kupita mtu, zikipigwa chini kabisa na taratibu kabisa. Spika ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti hiyo. Kwa hiyo tafuta hedifoni zinazofunika masikio, au spika yenye besi ya kweli, na usubiri usiku watu wamelala. Ukiona kimya, usiongeze sauti. Itapanda yenyewe.

Tenga saa nzima. Simfoni ina sehemu tatu na huchukua kama dakika 54. Rekodi ninayoitumia ni ya mwimbaji Dawn Upshaw na okestra ya London Sinfonietta, mwongozaji David Zinman, iliyotoka mwaka 1992. Iliuza nakala zaidi ya milioni moja, jambo ambalo muziki wa aina hii haulizoei.

Kabla ya kubonyeza, soma maneno. Ni ya Kipolandi na ni machache, yanaenea kwenye karatasi moja. Anza na sehemu ya pili, ingawa wengi watakuambia ufuate mpangilio. Ni ya dakika kama tisa tu, na ndiyo itakayokufungulia nyingine. Maneno yake yalikwaruzwa ukutani mwa seli ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Zakopane, Poland, Septemba 1944, na binti wa miaka 18, Helena Wanda Błażusiakówna. Anamwambia mama yake asilie, kisha anamwomba Malkia wa Mbinguni amtegemeze, na anamalizia na mwanzo wa Salamu Maria.

Niliwasomea wanakwaya wangu maneno hayo baada ya mazoezi. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akauliza, “Mwalimu, yaani yeye ndiye aliyefungwa, na bado anamfariji mama?” Ndiyo. Górecki mwenyewe alieleza kwamba kuta zile zilijaa vilio vya wasio na hatia na laana kwa wauaji. Huyu binti hakudai kisasi, alimfikiria mama tu.

Sasa rudi sehemu ya kwanza, na hapa nawaomba wenzangu wa sauti ya nne mtege masikio. Ule wimbo wa besi una mizani 24 (vipande vya mapigo), na kwa wanaosoma solfa, unatua kwenye noti ya “la”. Besi wakiumaliza, kundi la pili linaingia na wimbo uleule, hatua ya tano juu, huku besi wakiurudia. Halafu kundi la tatu, juu tena, hivyo hivyo hadi fidla ndogo. Usijaribu kufuata sauti zote. Shika moja, iachie, shika nyingine. Nyuzi, yaani besi na fidla zote kwa pamoja, zikishajaa pomoni, zinakauka hadi noti moja, na hapo mwanamke anaimba: ni Bikira Maria akimwomba Mwanawe agawane naye majeraha, ombolezo la karne ya 15. Baada yake nyuzi zinashuka kwa njia ileile hadi kwa besi.

Ukifika hapo, soma habari za mtunzi. Alizaliwa tarehe 6 Desemba 1933 kijijini Czernica, Silesia, eneo la Poland lenye makaa ya mawe. Mama yake, aliyekuwa akipiga piano, alifariki siku mtoto anatimiza miaka miwili. Maisha yake ya kazi yalikuwa Katowice, mji wa migodi na viwanda vya chuma. Alisoma chuo cha muziki pale na akawa mkuu wake. Mwaka 1979 aliacha ukuu huo, kupinga serikali kumkatalia Papa Yohane Paulo II kuzuru Katowice. Alifariki mjini humo mwaka 2010. Ukumbi mkubwa wa okestra uliofunguliwa pale mwaka 2014 umejengwa juu ya eneo la mgodi wa zamani.

Sehemu ya tatu haihitaji maelezo mengi. Mama anamtafuta mwanawe aliyeuawa katika uasi, kwa wimbo wa kienyeji wa upande wa Opole, juu ya akodi mbili (noti kadhaa zikipigwa pamoja) zinazobembea kama mtu anayembembeleza mtoto. Mwishoni anawaomba ndege wamwimbie na maua yachanue ili alale vizuri. Akodi ya A meja itarudiwa na kurudiwa. Usiikatishe.

Ikiisha, rudia dakika mbili za mwanzo kabisa, sauti ikiwa palepale ulipoiweka. Zile besi utazisikia.